Februari ya Unguja: Tamasha, Klabu za Taarabu na Kalenda ya Mwezi Mwandamo

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa Februari imekuwa mwezi wa muziki katika Mji wa Zanzibar, na sababu ya kwanza ya kuchaguliwa mwezi huo ni hali ya hewa. Katika kipindi hicho upepo wa kaskazi, ambao huvuma kutoka kaskazini mashariki tangu Disemba hadi kukaribia Machi, huwa haujakatika, mvua za vuli zimekwisha kunyesha na masika hayajaingia, hivyo jukwaa linaweza kusimamishwa katika uwanja usioezekwa na watu wakakesha pasipo hofu ya kuloa. Karne nyingi kabla ya ndege ya kwanza kutua Kisauni, upepo huo huo ndio uliokuwa ukiyasukuma majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi hadi bandari za Uswahilini, na mabaharia wake wakalazimika kukaa pwani kwa miezi kadhaa wakingoja upepo wa kusi uwarudishe makwao. Mji uliojaa wageni wenye kusubiri ni mji wenye soko la burudani, na ingawa wageni wa leo hawasubiri upepo, msimu wa kuja kwao umebaki pale pale.

Tukio linaloutawala mwezi huo ni tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004 na ambalo kitovu chake ni Ngome Kongwe, boma la mawe lililojengwa na Waomani upande wa bahari baada ya Wareno kung'olewa mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Ndani ya boma hilo, ambalo kwa nyakati mbalimbali limekuwa ngome ya askari na gereza, wanamuziki kutoka Afrika Mashariki, kusini mwa bara, Afrika Magharibi na visiwa vya Bahari ya Hindi hupokezana jukwaa kwa siku tatu au nne, kuanzia alasiri hadi baada ya saa sita za usiku. Hatua chache kutoka hapo iko bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2009, na ubavuni mwa ngome limesimama Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Mandhari hiyo imelipa tamasha sura inayotambulika duniani, lakini pia imewafanya wengi waamini kuwa muziki wa Unguja unakaa Mji Mkongwe, dhana ambayo historia yenyewe inaikanusha.

Mji wa Zanzibar ni wa pande mbili. Upande wa magharibi uko Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, na upande wa mashariki, ng'ambo ya mkono wa bahari uliokwisha kufukiwa zamani, iko mitaa iliyobeba jina la Ng'ambo, ambamo waliishi watumwa walioachwa huru, wavuvi, wachukuzi na mafundi, na ambamo baada ya Mapinduzi ya 1964 yalijengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Waandaaji wa tamasha hawakuipuuza jiografia hiyo, kwani kwa miaka mingi ufunguzi umekuwa wa maandamano yanayoanzia upande wa Michenzani, yakapita Darajani na kuishia Forodhani, yakiongozwa na beni. Beni ni muziki wa matarumbeta na ngoma uliotokana na bendi za kijeshi za wakoloni, ambao watu wa pwani waliuchukua mwanzoni mwa karne ya 20 wakaugeuza kuwa wao, wakiweka pembeni gwaride na kubakiza mbwembwe. Nyuma ya beni huandamana wacheza sarakasi, vikundi vya ngoma na umati wa watoto ambao hawajaalikwa na mtu na ambao, pengine, ndio wanaolifaidi tamasha kuliko wote, kwa kuwa sehemu hiyo haina kiingilio.

Sharti lililolipa tamasha heshima miongoni mwa wanamuziki ni kwamba kila kinachosikika jukwaani kipigwe na kuimbwa hapo hapo, laivu, bila msanii kufuatisha sauti iliyorekodiwa. Kwa msikilizaji sharti hilo linaweza kuonekana dogo, lakini katika nchi ambayo muziki wa kizazi kipya umekua kutokana na mapigo yanayotengenezwa kwa kompyuta studioni, na ambako msanii mashuhuri anaweza kuzunguka mikoa yote akiwa na kipaza sauti na santuri tu, linamlazimisha anayetaka kupanda Ngome Kongwe kutafuta wapigaji, kupanga upya nyimbo zake na kufanya mazoezi kwa wiki nyingi. Faida yake haiwaendei waimbaji peke yao, maana wapiga gitaa, ngoma na vinanda hupata kazi, na mafundi mitambo wa hapa nyumbani wamejifunza kushughulikia vyombo vya bendi yenye watu kumi na watano, kazi isiyofanana hata kidogo na kufungulia spika kwenye harusi. Kama tamasha hili lisingekuwa na jambo jingine lolote la kujivunia, hilo lingetosha.

Hata hivyo, upigaji wa laivu haukuanza Unguja mwaka 2004. Simulizi inayokubalika ni kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri na akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni, ala ya nyuzi nyingi zilizotandikwa juu ya ubao wenye umbo la pembe, ambayo mpigaji huilaza mapajani na kuidonoa kwa vidole vilivyovishwa pete zenye vipande vya kudonolea. Muziki huo wa ikulu ulitoka nje ya kasri polepole, na mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha Nadi Ikhwan Safaa, klabu ambayo wenyeji wengi huiita kwa jina la mtaa wake, Malindi, na ambayo inahesabiwa miongoni mwa vikundi vya muziki vikongwe kabisa katika Afrika Mashariki. Kwa miongo yake ya mwanzo taarabu iliimbwa kwa Kiarabu na wanaume. Aliyeugeuza mkondo huo alikuwa mwanamke aliyezaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 na kuishi Ng'ambo, Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na ambaye baada ya kufariki mwaka 1950 aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Santuri zake ziliuzwa pwani nzima, na tangu hapo taarabu haikuweza tena kudaiwa na ikulu wala na lugha ya ikulu.

Klabu ya pili kubwa, Culture Musical Club, ilichipuka mwaka 1958 na baada ya Mapinduzi ikawa chini ya mamlaka za utamaduni za serikali. Makao yake yako Vuga, mwendo wa dakika chache kutoka Ngome Kongwe. Klabu hizi mbili zimekuwa zikishindana kwa utani na kwa wivu vile vile, na mtindo wao ndio unaoitwa siku hizi taarabu asilia, ili kuutenganisha na taarabu ya kisasa yenye vinanda vya umeme na maneno ya mipasho, ambayo kundi la East African Melody lilichangia kuieneza katika miaka ya 1990. Katika taarabu asilia safu ya fidla hukaa mbele, kanuni, udi na akodiani zikawa ubavuni, besi na ngoma nyuma, na onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu kinachozitayarisha nyuzi na masikio kabla mwimbaji hajasimama. Mwimbaji mwenyewe husimama karibu bila kujitikisa, mikono imetulia, na kazi yote ya hisia anaiachia sauti na maneno.

Wenye kujitikisa ni hadhira, na hapo ndipo ilipo sehemu ya taarabu ambayo mgeni huitazama bila kuielewa. Mwanamke aliyeketi safu ya tatu huinuka mara tu ubeti fulani unapoanza, noti ikiwa baina ya vidole, akaja mbele taratibu akicheza kwa mabega huku ameinua mkono ili wote waione noti hiyo, kisha akaiweka mkononi mwa mwimbaji au akaituliza juu ya kichwa chake, akageuka na kurudi kwa mwendo ule ule. Kitendo hicho huitwa kutunza, na ukumbini kila mwenye macho anajua kwamba ubeti uliochaguliwa una mtu wake, jirani mwenye maneno mengi au mke mwenza au mume aliyeanza kuchelewa kurudi, na kwamba aliyekusudiwa huenda ameketi safu ya tano. Mwandishi wa shairi hakuwafahamu watu hao. Alitunga kwa mafumbo ili wimbo wake uweze kuazimwa na yeyote. Katika Ngome Kongwe, ambako nusu ya hadhira haifahamu Kiswahili na taa zimemwelekea mwimbaji peke yake, mazungumzo hayo ya chini kwa chini hupungua sana, na taarabu hubaki kuwa muziki mzuri wa kusikiliza. Si hasara ndogo, ingawa haiwezi kuhesabiwa kuwa kosa la mtu.

Ndugu mdogo wa taarabu, ambaye kwa umri huenda si mdogo hata kidogo, ni kidumbak. Huu ni muziki wa harusi za Ng'ambo na za mashamba, unaohitaji watu wachache na fedha chache: ngoma mbili ndogo za udongo au za mti zinazoupa jina lake, fidla moja inayopigwa kwa kasi, cherewa za kutikisa, vijiti vya mkwasa vya kugonganisha, na sanduku. Sanduku ni besi iliyoundwa kwa kreti la majani ya chai lililofudikizwa chini, likatobolewa katikati na kupitishwa uzi mmoja unaofungwa kwenye ncha ya fimbo; mpigaji hulikanyaga kreti kwa mguu mmoja, akaivuta fimbo nyuma uzi ukaze na sauti ipande, akailegeza ishuke, na kwa ufundi huo tu hupata noti zote anazozihitaji. Wanamuziki kadhaa wa Culture na wa Malindi ambao usiku mmoja huvaa suti na kusoma mpangilio wa fidla, usiku wa pili hukutwa Kikwajuni au Miembeni wakipiga kidumbak huku wanawake wakizungusha viuno mbele yao hadi alfajiri. Hao hao ndio mwezi wa Februari hupanda jukwaa kuu. Ndiyo maana ni kosa kuandika juu ya tamasha na kuusahau mtaa, kwa kuwa mazoezi halisi ya jukwaa hilo hufanyika harusini.

Uhusiano huo ulionekana wazi zaidi kwa Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 na ambaye kwa miaka mingi alikuwa uso wa Sauti za Busara. Dunia ilimjua kwa taarabu na mwaka 2005 ikamtunuku tuzo ya WOMEX, maonyesho makubwa ya biashara ya muziki wa dunia, lakini mjini alikuwa pia somo na mpiga ngoma wa unyago, mafunzo ya siri wanayopewa wasichana wanapovunja ungo. Elimu hiyo hutolewa ndani, mbali na wanaume na kamera, na katika mambo mengi aliyoyajua Bi Kidude ni machache tu yaliyowahi kufika jukwaani.

Mpaka mwingine wa namna hiyo unahusu dini. Kikundi cha Maulidi ya Homu cha Mtendeni, ambacho wanaume wake hupiga magoti kwa safu na kuinama, kuyumba na kuinuka pamoja kwa pigo la matari huku wakimsifu Mtume, kimeonyeshwa katika kumbi za nje ya nchi na kushangiliwa kama sanaa. Kwa wenyeji kisomo hicho ni ibada kwanza, na nyakati zake ni zile za mfunguo sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, na za shughuli za majumbani. Waandaaji wa matamasha wanaojua adabu hukipangia saa na mahali panapostahili, mbali na kaunta za vinywaji, na wasiojua hukumbushwa.

Kati ya mtaa na jukwaa kuna taasisi moja ambayo bila yake mwezi huu ungekuwa umepungukiwa sana, nayo ni Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofahamika zaidi kwa herufi DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002. Kabla yake, kijana aliyetaka kujifunza kanuni alipaswa kukubaliwa na mzee mmoja katika klabu, na mzee huyo akifariki pasipo kurithisha, ujuzi wake ulikwenda naye kaburini. Chuo kiliwakusanya wazee hao mahali pamoja na vijana, wasichana wakiwamo, ambao wengi wao wasingeruhusiwa kukaa klabuni usiku kucha, kikafundisha udi, kanuni, fidla, ngoma na uandishi wa noti, pamoja na maqam, yaani mifumo ya Kiarabu ya kupanga sauti ambayo vinanda vya Ulaya haviwezi kuitoa kikamilifu. Kundi la Siti and the Band, linalochanganya taarabu na midundo ya kisasa na kulitumia jina la Siti binti Saad kwa heshima, limetokana na wanafunzi wa chuo hicho, na wengi wa wapigaji wanaowafuata wasanii wengine jukwaani mwezi wa Februari wamepitia madarasa hayo. Pamoja na hayo chuo kimepitia vipindi vya kukaribia kufungwa kwa kukosa fedha za mishahara ya walimu, katika miaka ile ile ambayo hoteli za mji zilikuwa zimejaa wageni wa tamasha.

Udhaifu huo wa fedha unalikabili tamasha lenyewe pia. Mwaka 2010 Unguja ilikuwa gizani kwa takriban miezi mitatu, tangu Disemba 2009, baada ya umeme unaotoka bara kukatika, na bado Sauti za Busara lilifanyika kwa kutegemea jenereta. Giza halikulizuia, lakini mwaka 2016 ukosefu wa fedha ulilizuia, na Februari hiyo ikapita bila tamasha. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na balozi na mashirika ya nje, ubalozi wa Norway ukiwa mstari wa mbele, na kila mfadhili wa namna hiyo ana siku yake ya kuondoka. Wenye hoteli, mashirika ya ndege, wauza viungo, madereva wa teksi na serikali yenye kukusanya kodi kutoka kwao wote huvuna katika wiki hiyo, na ni haki kuuliza kwa nini mavuno hayo hayarudi shambani kwa kiwango kinacholingana. Utaratibu wa viingilio umejaribu kuwa wa haki kwa kuweka bei ya chini kwa Watanzania kuliko ya wageni. Hata hivyo fundi wa Kikwajuni mwenye mke na watoto watatu bado hupiga hesabu na kuamua kusikiliza akiwa nje, Forodhani, ambako sauti inafika bila tiketi.

Suala zito zaidi kwa miaka ijayo, hata hivyo, halimo katika vitabu vya fedha. Tamasha linafuata kalenda ya jua, ilhali mji wenyewe unaendesha furaha zake kwa kalenda ya mwezi mwandamo, ambayo mwaka wake ni mfupi kwa takriban siku kumi na moja. Waswahili huhesabu miezi hiyo kuanzia Idi: mfunguo mosi, mfunguo pili, na kuendelea hadi mfunguo tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Shaabani ni mwezi wa pilika, harusi zikisukumana ili ziwahi kabla ya mfungo, na siku zake za mwisho ni za vunja jungu, ambapo watu hula, huenda pwani na kucheza ngoma wakiiaga raha. Ramadhani ikiingia, klabu hufunga ala zake na mji mzima hunyamazisha muziki kwa mwezi mmoja. Kisha Idi huja na siku zake nne za viwanja vya sikukuu, watoto wakiwa na nguo mpya na wakubwa wakielekea kwenye taarabu kusikiliza nyimbo mpya ambazo klabu zimeziandaa kwa ajili ya siku hiyo.

Kwa miaka mingi kalenda hizi mbili zilipishana salama, Ramadhani ikiwa mbali na Februari, na hakuna aliyelazimika kuchagua. Sasa zimekutana. Mwaka 2026 mfungo ulianza baada ya katikati ya Februari. Mwaka 2027, kwa hesabu za falaki, unatarajiwa kuanza katika wiki ya pili ya mwezi huo. Na mwaka 2028 utaanza siku za mwisho za Januari na kuimeza karibu Februari yote. Wapo watakaoona kwamba hili ni tatizo la waandaaji wa tamasha peke yao, la kutatuliwa kwa kusogeza tarehe mbele au nyuma, na kweli litatatuliwa hivyo. Lakini inafaa Wizara yenye dhamana ya utamaduni, klabu za Malindi na Vuga, chuo cha muziki na waandaaji hao wakae pamoja mapema na kuitumia nafasi hii kupanga mwaka mzima wa sanaa za mji kwa kufuata mwezi mwandamo, wakianza na siku za Idi, ambapo wenyeji tayari wamevaa, wametenga fedha za kutoka na wanazisubiri nyimbo mpya. Msomaji naye asisubiri mipango hiyo: mazoezi ya klabu huwa jioni, nje ya Ramadhani, na anayepita Vuga akasikia kanuni inatiwa sauti apande ngazi, asalimie na kuomba kiti.